NISHATI SAFI NA MKOPO WA HAKI
Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei



1. Hali tunayoiona

Tutokapo Misa ya kwanza huko Mbagala, Tandika, Tegeta au Bunju, kinachotulaki ni moshi. Mama lishe anapepea jiko la mkaa ili chai iwahi abiria wa daladala. Kando yake bajaji zinangurumia petroli. Moshi huo ni gharama: mama huulipia kwa kifua na macho yake, misitu ya Kisarawe na Rufiji huulipia kwa miti yake, na dereva huulipia kila jioni anapohesabu kilichobaki.

Mwezi Mei 2024 Taifa lilizindua Mkakati wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo kwamba asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwisho wa muda huo. Kwa upande wa vyombo vya usafiri, gesi asilia ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004, leo inaendesha magari na bajaji. Gesi hiyo nayo huchimbwa ardhini na ina mwisho wake; lakini moshi wake ni mdogo kuliko wa petroli, na bei yake ni nafuu.

Swali letu basi ni hili: katika safari hii, ni nani atakayebebwa, na ni nani atakayeachwa njiani?

2. Ugumu wa mnyonge

Watu husema mama lishe hataki kubadilika. Si kweli. Mkaa hununuliwa kwa kopo, kwa fedha ya leo. Mtungi wa gesi hujazwa kwa fedha ya mkupuo. Hata aliyegawiwa mtungi bure huuweka uvunguni unapokwisha, kwa sababu hana fedha ya kuujaza mara moja.

Dereva wa bajaji naye ana fundo lake. Chombo si chake. Kila siku anapeleka hesabu kwa tajiri. Anayenunua mafuta ni dereva, hivyo tajiri haoni sababu ya kugharimia mfumo wa gesi. Dereva angependa kuufunga, lakini hawezi kutia fedha zake katika mali ya mwingine, inayoweza kunyang'anywa kesho.

Wala tusimsahau mama muuza mkaa. Nishati safi ikifanikiwa, biashara yake itakufa. Haki inadai kwamba yeye awe wa kwanza kusaidiwa kuwa wakala wa gesi au mtengenezaji wa mkaa mbadala, asiwe wa mwisho kukumbukwa.

Wote watatu wanakosa mtaji wa kuanzia. Wakiukosa mahali pa haki, huufuata kwenye mikopo ya "kausha damu", na huko jiko lenyewe huchukuliwa.

3. Fedha iliyotengwa na sheria

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, iliongezewa kifungu cha 37A mwaka 2018. Kila halmashauri, zikiwamo manispaa za Kinondoni na Temeke, inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hii si sadaka ya kiongozi yeyote. Ni ushuru wa soko na leseni tulizolipa sisi wenyewe, unaorudi kwetu.

Hata hivyo, mwezi Aprili 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo, baada ya ukaguzi kuonyesha vikundi hewa na marejesho yasiyorudi. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba itarejeshwa kwa utaratibu mpya.

Hapa tuseme ukweli, hata kama unatuuma. Vikundi hewa havikuundwa na mashetani. Baadhi yetu tuliombwa majina na sahihi, tukatoa, tukapewa nauli, hatukuuliza tena. Wengine tulichukua mkopo tukiita "fedha ya serikali", tukanunua kanga za sherehe. Aliyebaki bila jiko ni jirani yetu wa jumuiya.

4. Mwanga wa Maandiko

Katika sura ya tano ya kitabu cha Nehemia, watu wanalia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka. Nehemia anaghadhibika, anaitisha kusanyiko, na kuwataka wakubwa warudishe walichochukua. Lakini hajiweki kando: anakiri kwamba yeye na ndugu zake nao walikuwa wakikopesha. Kwa sababu alianza na nyumba yake, aliweza kudai haki kwa wengine. Nasi njia yetu ni hiyo hiyo.

5. Tufanye nini?

Kwanza, kila jumuiya isaidie kuunda vikundi vya kweli, vya watu wanaofahamiana na wenye kazi inayoonekana, kabla ya fomu kutolewa.

Pili, tuhudhurie mikutano ya mtaa, tuulize kwa adabu na bila woga: ni kiasi gani kimetengwa, nani amepewa, nani amerejesha?

Tatu, tuwaombe madiwani wetu wawape kipaumbele mama lishe, wauza mkaa wanaobadili kazi, na madereva wanaotaka kumiliki bajaji zao wenyewe zenye mfumo wa gesi.

Nne, tujiwekee kidogo kidogo katika vikundi vyetu fedha ya kujaza mtungi. Kopo la mkaa limetufundisha kununua kidogo. Na litufundishe pia kuweka kidogo.

Mkopo usiorudishwa ni jiko lililozimwa kwa jirani. Mungu atujalie ujasiri wa kudai na uaminifu wa kulipa.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika mtaa wetu, nani ameumizwa na mikopo ya riba kubwa, nasi tulimsaidiaje?
2. Je, tuko tayari kukataa kuandikwa katika kikundi tusichokijua?
3. Ni nani kati yetu atakayefuatilia taarifa ya mikopo ofisi ya kata, na atatuletea lini?