HUNA KARATASI, LAKINI UNA HAKI
(Maneno yaliyosemwa kwa wachungaji na vibarua, Doldol)

Ndugu wafanya kazi,

Wengi wenu mmeandikwa kwa mdomo tu. Siku ya kufukuzwa mwaulizwa, "Karatasi yako iko wapi?" Basi mwenzetu hukunja blanketi lake akaenda zake kimya. Kosa hilo!

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema kazi ya miezi 3 au zaidi iandikwe, na mwenye kuiandika ni mwajiri. Asipoandika, kortini ni juu yake kukanusha masharti unayoyataja. Miaka ya 1920 wazee wetu walivishwa kipande shingoni, karatasi ikawa mnyororo. Leo kukosa karatasi ni hasara ya tajiri.

Lililo juu yako ni kuonyesha kwamba ulikuwa kwake. Shika ujumbe wa M-Pesa, tarehe, na majina ya mliochunga pamoja.

Dai mshahara wa siku ulizofanya, likizo usiyopewa (siku 21 kwa mwaka), na malipo badala ya notisi. Hata kibarua wa kutwa aliyefanya mwezi mfululizo ana notisi ya siku 28.

Nenda kwanza ofisi ya kazi. Wakishindwana, Mahakama ya Kazi iko Nyeri. Usikawie: ikipita miaka 3 korti haikusikii. Na ukiletewa karatasi isemayo "nimelipwa yote," usitie kidole kabla ya kusomewa na kuhesabu fedha.