Wimbo wa Kisimani

Neno letu la leo latoka katika Injili ya Yohana, sura ya 10, pale Bwana Yesu anapojiita mchungaji, na kueleza ya kuwa kondoo wake humfuata kwa kuwa wameizoea sauti yake. Mwenye Biblia na aifungue. Aliye jikoni asiache sufuria yake. Atatusikiliza hapo hapo.

Wengi wetu tumelijua somo hili tangu shule ya Jumapili. Pengine tuliona na picha ukutani, mchungaji mwenye kanzu nyeupe amebeba mwana-kondoo mabegani. Picha ni nzuri, lakini katika nchi ya wafugaji kama hii yetu hatuna haja ya kwenda mbali ili tuelewe maneno haya. Twende Samburu.

Huko chini ya Milima ya Mathews, kiangazi kinapokaza, mito hukauka ikabaki mchanga mtupu. Maji yako chini. Basi morani huchimba visima katika mchanga huo, na kadiri jua linavyozidi ndivyo kisima kinavyozidi kwenda chini, hata vijana kadhaa hulazimika kusimama ndani yake, mmoja juu ya mwenzake. Aliye chini kabisa huteka maji, humpa wa juu yake, naye humpa mwingine, mpaka yamwagwe horini. Ng'ombe mmoja mwenye kiu aweza kunywa lita 30 na zaidi kwa mara moja. Piga hesabu mwenyewe, kundi likiwa la ng'ombe 50. Ni kazi ya kuvunja mgongo, nayo hufanywa kwa kuimba.

Wimbo huo si wa kujifurahisha tu. Kila jamaa ina wimbo wake. Makundi mengi hufika mtoni, yakasubiri kando katika vumbi, na huenda wanyama hawajaonja maji tangu juzi. Wimbo unapotoka shimoni, ng'ombe wa jamaa ile huinua vichwa, wakaenda kwenye hori lao. Wengine hungoja wimbo wao, ingawa kiu ni ileile na maji wameyanusa. (Wasimamizi wao nao wako papo hapo kuwazuia wenye haraka, maana hata kati ya ng'ombe wamo wasio na subira.)

Je, waliujuaje wimbo? Hakuna aliyewafundisha siku moja. Tangu alipokuwa ndama akimfuata mama yake, wimbo na maji vilimjia pamoja, kiangazi baada ya kiangazi. Wimbo ule haukumwita kwenye hori tupu. Ndiyo sababu anauamini.

Tena tuone jambo hili. Yule anayeimba haonekani. Yumo shimoni, ametapakaa matope, na ng'ombe wako juu yake. Tunapokiri kwamba Bwana wetu alishuka kwa ajili yetu, tukumbuke kijana yule aliye chini kabisa ya kisima, ambaye wote hunywa kwa jasho lake. Sauti ya Kristo hutoka mahali pa namna hiyo.

Sisi wengi hapa tumezoea kuchunga kwa nyuma, fimbo mkononi na mluzi mdomoni. Si vibaya, mtoto mwenye mbuzi 20 kando ya shamba la mahindi la jirani hana budi kuwa na fimbo. Lakini katika Yohana 10 mchungaji hutangulia mbele, na kondoo huja nyuma kwa kupenda. Mnyama anayeswagwa kwa hofu hakuulizi unampeleka wapi. Atakwenda hata machinjioni.

Wasikilizaji wetu, hatusemi haya kwa mfano tu. Mwezi wa Aprili mwaka 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Kabla kazi hiyo haijakoma, miili zaidi ya 400 ilikuwa imetolewa, mingi ikiwa ya watu waliokufa njaa, na watoto walikuwamo. Nchi nzima iliambiwa kwamba watu wale walifundishwa kufunga mpaka kufa ili wamwone Yesu. Waliacha nyumba zao na kazi zao, wengine wakitoka mbali sana na pwani. Hawakuwa wapumbavu. Walikuwa na kiu ya Mungu, kama wewe na sisi, na waliitwa kwa jina ambalo sote twalipenda.

Mwanzoni mwa mwaka huo huo, kaskazini mwa nchi, misimu 5 ya mvua ilikuwa imepita bila mvua ya kutosha, na Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Wafugaji waliamka alfajiri kuwainua ng'ombe waliolala usiku wakashindwa kusimama. Huyu ameshika mkia, huyu ameshika pembe, mwingine anasukuma ubavuni, ili mnyama mmoja aliyekonda apate kusimama siku moja zaidi. Hata wale ambao hawakujua kusoma herufi moja ya Biblia walijua kwamba kazi ya mchungaji ni kulisha.

Katika Kiswahili neno ni moja tu: anayechunga mbuzi ni mchungaji, na anayesimama madhabahuni ni mchungaji. Basi sisi tuitwao kwa jina hilo tupimeni kwa kipimo kimoja na yule wa mbuzi. Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, aliwakemea wachungaji waliojilisha wenyewe, kundi likikonda. Sauti ikikuita, tazama horini. Je, kuna maji? Watoto wako wanashiba, au wanakatazwa chakula, dawa na shule kwa jina la imani? Unaruhusiwa kuuliza swali? Unaruhusiwa kuzungumza na ndugu zako wa damu? Ni nani anayenenepa?

Nawe mama, nawe baba, usingoje siku ya msiba ndipo uanze kuitafuta sauti ya Bwana. Siku ya kiu kali sauti zote hufanana. Soma Injili na wanao jioni, hata kama ni mistari michache kabla taa haijazimwa, na hata kama mdogo ameshasinzia. Ndama naye husinzia kisimani. Na kama yupo katika jamaa yako aliyeanza kuuza vitu vyake na kujitenga na watu kwa sababu ya mahubiri fulani, usimcheke wala usimwache. Mwendee wiki hii. Nenda na mtu anayempenda, nendeni na chakula.

Tuombe. Ee Bwana, Mchungaji wetu, wakumbuke waliozikwa msituni bila majina, na watoto waliotoka huko wakiwa hai. Wape wafugaji wetu majani na maji. Na nyumba hii inayosikiliza sasa, iite tena kwa sauti yako. Amina.