Remmy Ongala na vijana wa machimboni

Msikilizaji, mwanamuziki Remmy Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947, katika Kongo ambako Kifaransa ndicho kilichokuwa lugha ya ofisi. Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kujiunga na bendi ya Orchestra Makassy, kisha akang'ara na Super Matimila, akiimba Kiswahili cha mtu wa chini. Mambo kwa Soksi ndio wimbo wake ninaouheshimu kuliko zote. Ukimwi ukiua watu, humo yeye alihimiza kondomu hadharani. Radio Tanzania ikakataa kuupiga. Ilikosea. Wimbo huo bado unahitajika: huku kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita na Kahama vijana wanalala kwenye maturubai, mbali na wake zao, na mfukoni wana hela ya dhahabu. Remmy alifariki Desemba 2010, lakini ujumbe wake ungalipo. Redio zetu ziupige wimbo huo usiku, wachimbaji wanapotoka duarani, yaani kwenye mashimo ya kuchimbia.