Panga tunauziwa, ala tunauziwa wapi?

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho sijapata kukisikia kikitajwa redioni, nacho ni ala ya panga. Najua wapo watakaocheka. Watasema nchi ina mambo makubwa, kuna bei ya alizeti, kuna reli, kuna maji, na huyu bwana anatuletea habari za mfuko wa kutilia panga. Wacheke, ila wasizime redio.

Ingia duka lolote la vifaa, liwe la Kariakoo au liwe la hapa Itigi, uulize panga. Utapewa panga, pengine lingali na mafuta ya kiwandani. Sasa muulize mwenye duka ala yake iko wapi. Atakutazama kana kwamba umenunua jembe ukadai upewe na shamba. Panga tunauziwa uchi, tunalipeleka nyumbani limeviringishwa gazeti, na gazeti likishachanika panga hilo litaishi uchi mpaka siku litakapokwisha kwa kunolewa.

Kwa mtu wa mjini hilo si neno. Panga lake linakaa uvunguni, hutoka mara moja kwa mwezi kufyeka majani ya uani. Lakini hapa Itigi panga ni sehemu ya mavazi. Kwa wasiopafahamu, Itigi ni mji wa Reli ya Kati, mkoani Singida, ukitoka Manyoni kwenda Tabora. Ukiuacha mji kidogo tu unaingia katika kichaka ambacho wataalamu wa mimea wamekipa jina la mji wetu. Si msitu wa miti mirefu, wala si mbuga. Ni miti midogo ya urefu wa mita 3 hadi 5, iliyosongamana na kushikana vichwa, kiasi kwamba ng'ombe akipotelea humo unamtafuta kwa masikio. Kichaka cha namna hiyo kiko kwetu, na kipande kingine kiko mpakani mwa Tanzania na Zambia, kusini ya Ziwa Tanganyika.

Humo ndimo watu wanamotafuta kuni, fito, dawa za mizizi, na zaidi ya yote asali. Huingii bila panga. Na ukishaingia huwezi kulishika mkononi muda wote, maana mkono mmoja unazuia matawi yasikuchome macho, na wa pili una kamba au dumu la maji.

Basi panga linakaa wapi? Nimekuwa nikiwatazama watu alfajiri wanapotoka mjini. Mmoja amelibana kwapani. Mwingine amelilaza begani, makali yakitazama shingo yake mwenyewe. Wa tatu amelichomeka kiunoni, linamgonga paja kila hatua. Wa nne amelifunga kwa mpira kwenye keria ya baiskeli, ncha imetokeza nyuma, na nyuma yake anakuja mtoto mbio anataka apakiwe.

Kijana mmoja jirani yangu, mrina asali, alikuwa wa hao wa kuchomeka kiunoni, upande wa mgongoni. Alipanda mti kutazama mzinga, nyuki wakamzidi, akashuka kwa haraka kama ashukavyo mtu yeyote mwenye nyuki kichwani. Nyuki walimwachia uvimbe wa siku tatu. Panga lake mwenyewe lilimkata kano nyuma ya goti. Kidonda kilishonwa na kikapona, lakini mguu ule haukunji tena sawasawa, na mrina asiyeweza kupanda mti hana kazi. Mizinga yake sasa inahudumiwa na ndugu yake, kwa nusu kwa nusu. Ana miaka 26.

Nikipita haraka jambo la huduma ya kwanza: aliyekatwa na panga agandamizwe kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu na bila kuachia, apelekwe hospitali, na asisahau sindano ya pepopunda. Haya yanajulikana. Yasiyojulikana ni ya ala.

Ala iliyo nzuri ni ipi? Mimi si fundi, lakini nimevaa za aina nne, na maoni yangu ni haya.

Ngozi ya ng'ombe ndiyo inayokaa vizuri mwilini. Ikishonwa mbichi juu ya kipande cha ubao kilichochongwa kwa umbo la panga, ikaachwa kukauka, hujibana yenyewe na kushika umbo hilo. Ubaya wake ni maji. Ngozi ikilowa panga linapata kutu, na kama ilikaushwa kwa chumvi kutu huja upesi zaidi. Dawa yake tunayo hapa hapa: nta. Pasha nta ya nyuki moto kidogo, paka ala nje na kwenye mishono, na maji yatateleza. Tena umwambie fundi aweke ukanda wa ngozi katikati ya kuta mbili, upande ule yanapolala makali. Pasipo ukanda huo makali yanakula uzi, na siku moja utaona ala imefunguka kama kitabu ukiwa katikati ya kichaka. Chini kabisa atoboe tundu dogo, maji na vumbi vipate pa kutokea.

Ya pili ni ya mpira wa tairi. Hii haiogopi maji, haichaniki kwa miiba, na bei yake ni ndogo. Lakini ni nzito, na katika jua la Oktoba inamchoma mtu paja. Ya tatu ni ya bomba la plastiki. Vijana hulilainisha bomba motoni kisha wakalibana katikati ya mbao mbili. Kulilainisha motoni ni hatari kwa ule moshi wake. Maji yanayochemka yanatosha kabisa. Ala hiyo ni nyepesi, ila inapiga kelele, na ukiangukia juu yake hupasuka. Ya nne ni ya mbao mbili nyembamba zilizofungwa pamoja na kuvikwa ngozi. Nikiambiwa nichague, nachagua hii. Haitobolewi na ncha, haipindi ukikaa, na panga linaingia bila kutafuta njia.

Wala sikutaja jambo geni. Wamasai wanaitengeneza hivyo hivyo ala ya sime, mbao ndani na ngozi nyekundu juu, na mtu hutembea nayo kutwa nzima nyuma ya ng'ombe. Kule Nepal kisu chao kile kilichopinda, khukuri, kina ala ya mti iliyovikwa ngozi. Wamalay wana ala ya mti kwa parang. Mkulima wa Colombia hununua ala ya ngozi yenye nakshi na kuivaa kiunoni hata siku ya gulio. Na sisi wenye ng'ombe wengi kupita nchi nyingi za Afrika, ngozi zetu nyingine zinaozea machinjioni.

Sasa namna ya kuivaa, maana ala nzuri iliyovaliwa vibaya huachwa nyumbani siku ya tatu. Anayetumia mkono wa kulia avae upande wa kushoto. Panga ni refu. Ukilivaa upande ule ule wa mkono unaolichomoa, kiwiko lazima kipande mpaka sikioni ndipo ncha itoke. Kwa anayekata fito, ala ifungwe pia pajani kwa kamba laini, isiyumbeyumbe na kunasa kwenye vijiti. Kwa mwenye baiskeli kamba hiyo ifunguliwe, kwa kuwa paja linapanda na kushuka. Kwa mchungaji anayetembea tangu asubuhi hadi jioni, mkanda wa kiunoni si kitu. Uzito wote unaning'inia upande mmoja, suruali inashuka, nyonga inauma. Avae mshipi wa kupita begani. Na mrina asali avae huo huo wa begani, aufupishe, ala ikae ubavuni juu ya kiuno, isifike kwenye mguu unaotafuta tawi la kukanyaga.

Nilimwuliza mama mmoja anayeuza kuni kwa nini hana ala. Alinijibu, "Baba, nitaitundika wapi? Nimevaa khanga, mkanda sina." Ni kweli. Tukizungumza juu ya zana za kazi tunamfikiria mwanamume mwenye suruali, na huku kuni nyingi zinazopikia nchi hii zinakatwa na wanawake. Mama huyo akienda anashika panga mkononi. Akirudi analichomeka katikati ya mzigo wa kuni, na mzigo uko kichwani. Akijikwaa, lile panga liko juu ya uso wake. Kwake ala ya begani, fupi na nyepesi, yenye kifuniko cha kufungia mpini, ni jambo la lazima kuliko kwa yeyote kati yetu.

Na mkono ule mwingine! Watu wengi wakichomoa panga huikamata ala yote kwa kiganja, vidole vikiwa upande wa makali. Uzi ukiwa umelegea, makali yanapita katikati ya vidole. Shika ala upande wa mgongo wa panga. Ukirudisha panga, tazama mdomo wa ala, usikisie huku unaongea na mwenzako.

Kuna jambo jingine la ala, nalo ni la majirani. Panga siku hizi lina sifa mbaya. Wakazi wa Dar es Salaam hawajasahau hofu ya vijana walioitwa panya road mwaka 2015, na tena mwaka 2022. Mtu aliyepitia hayo akiona panga tupu ndani ya daladala hana haja ya kujua kwamba mwenye nalo anatoka shambani. Kanuni ya Adhabu nayo inalihesabu kuwa kosa mtu kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu. Mwenye panga ndani ya ala, mpini umefungwa, anaonekana waziwazi kuwa anakwenda kazini au anarudi. Kondakta atamwambia aliweke kwenye buti, ataliweka, na safari itaendelea.

Basi nani atatengeneza? Juzi nilikwenda kwa mzee mmoja fundi wa katambuga. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye sindano yake. Nikamwuliza kama anaweza kushona ala ya panga. Akasema anaweza, tairi analo, ngozi anaipata, sindano ndiyo hiyo. Nikamwuliza mbona basi hashoni akatundika mbele ya kibanda chake.

"Hakuna aliyeagiza, mwanangu," alisema. "Wakiagiza nitashona."

Wenye maduka ya vifaa mnaonisikiliza, mzee kama huyu yuko katika kila soko. Mpelekeeni mapanga kumi ya ukubwa mmoja, awashonee ala kumi, muuze panga na ala kwa bei moja. Atakayesema ni ghali msimbembeleze, lakini muonyesheni.

Na wewe mnunuzi, ukienda kuagiza nenda na panga lenyewe. Usichukue kipimo cha mkono, wala usiseme tu "la kawaida", maana mapanga hayalingani tumbo wala ncha. Fundi atalilaza juu ya karatasi na kulizungushia kalamu, kisha aongeze upana wa kidole kimoja kwa ajili ya mshono. Kama unatumia mkono wa kushoto, mwambie kabla hajakata.