MPANDAJI ASIYEYAONA MAVUNO



Makatekista hutujia mara nyingi na swali lile lile. Mtu amefundisha kigangoni miaka miwili, kisha ugonjwa ukamlaza, au akahamishwa, naye huuliza: je, kumebaki nini? Dominika hii twapenda kulitazama swali hilo kwa njia ya kijana mmoja mpiga muziki, ambaye yamkini wengi wenu hamjapata kulisikia jina lake.

Jimmy Blanton alizaliwa Chattanooga, Marekani, mwaka 1918. Alipiga besi, si gitaa la besi la bendi zetu, bali ala kubwa ya mbao, ndefu kuliko mtu, ambayo mpigaji huisimamisha wima na kuikumbatia. Mwaka 1939 Duke Ellington, kiongozi wa bendi mashuhuri ya jazi, alimsikia mjini St. Louis, akamchukua. (Neno jazi tulilizoea tangu enzi za Morogoro Jazz na Western Jazz, ingawa muziki wa bendi hizo ulikuwa mwingine.)

Hadi siku zile kazi ya besi ilikuwa ya unyenyekevu: kutunza mapigo nyuma ya wenzake ili wasipotee. Blanton hakuiacha kazi hiyo, na kwetu huo ndio uzuri wake. Aliendelea kuwabeba wenzake, lakini akaonyesha kwamba nyuzi zile nne nene zaweza pia kuimba. Aliziacha sauti zivume kwa muda mrefu zaidi, akapiga tuni nzima kwa wepesi, mara kwa vidole, mara kwa upinde. Naye Ellington, ambaye angeweza kumfunika kwa bendi yote, aliketi naye wakiwa wawili tu, piano na besi, wakarekodi santuri mwaka 1939 na tena mwaka 1940.

Kisha kikaja kifua kikuu. Mwishoni mwa 1941 Blanton aliiacha bendi, na tarehe 30 Julai 1942 akafariki huko California, akiwa na miaka 23. Streptomaisini, dawa iliyokuja kuwaponya wengi wa ugonjwa huo, iligunduliwa mwaka uliofuata. Twalitaja jambo hili kwa sababu wamo kati yenu waliozika vijana wao kwa kuchelewa kwa namna hiyo, nasi hatuna jibu jepesi la kuwapa. Musa aliiona nchi ile kwa mbali, kutoka mlimani. Blanton hakupewa hata mlima.

Wakati huo Ray Brown, wa mji wa Pittsburgh, alikuwa na miaka 15. Alikuwa ameanza na piano. Lakini shuleni wapiga piano walikuwa tele, na besi ilikuwa haina mtu, basi akaishika besi. Mwalimu wake mkuu akawa Blanton wa kwenye santuri. Hebu tuufikirie ualimu huo. Santuri haimsahihishi mwanafunzi wala haimsifu. Hurudia tu, kwa uaminifu ule ule, hata mara mia, na mwanafunzi hutafuta mwenyewe mahali pa kuweka kidole. Nani kati yetu sisi wahubiri angestahimili kusikilizwa hivyo, neno kwa neno, mara mia?

Wala Ray Brown hakuwa kivuli cha Blanton. Mwaka 1945 alikwenda New York, akapiga pamoja na Dizzy Gillespie na Charlie Parker. Tangu 1951 hadi 1966 akawa na mpiga piano Oscar Peterson, na watu walimtambua kwa sauti yake mwenyewe, nene na imara. Naye akafundisha. John Clayton alimjia akiwa kijana wa miaka 16, na katika miaka ya 1990 walisimama jukwaani wapiga besi watatu: Brown, Clayton na Christian McBride, aliyezaliwa karibu miaka 30 baada ya kifo cha Blanton.

Desemba 1972 Ellington, sasa mzee wa miaka 73, aliingia studio na Ray Brown, piano na besi tu. Waliirekodi santuri waliyoitunuku kwa jina la Blanton, na humo wakapiga tena kipande kimoja ambacho Ellington alikirekodi na Blanton mwaka 1940. Kando ya piano, mahali pa yule kijana wa miaka 32 iliyopita, alisimama Ray Brown.