Mbwa wa Ibiza na Usubi

Katika kisiwa cha Ibiza, Hispania, wapo mbwa wembamba wenye masikio makubwa yaliyosimama, ambao wawindaji wamewatumia kusaka sungura kizazi baada ya kizazi. Usiku huumwa na usubi, mdudu mdogo anayewaachia kimelea cha Leishmania. Mbwa wa aina ya Boxer au German Shepherd akikipata, yumo hatarini kukonda, kunyonyoka manyoya, kuharibika figo, hata kufa. Mbwa wa Ibiza naye huambukizwa, lakini ni nadra kuugua.

Siri imo katika aina ya kinga. Kimelea hiki hujificha ndani ya seli zilezile zinazopaswa kukimeza na kukimaliza. Kingamwili zinazoelea kwenye damu hazikifikii huko. Tena zikizidi, hukwama kwenye figo na kuzidhuru. Kinachookoa ni seli za kinga ziitwazo seli za T, zinazoziamsha seli zilizovamiwa zimuue mgeni wao, na mbwa wa Ibiza wamejaliwa uwezo huo. Jeni kadhaa zinahusishwa na tofauti hizi, mojawapo Slc11a1, inayokinyima kimelea madini ya chuma.

Kwa kuwa kinga hii imo katika jeni, wafugaji wanaochagua mbegu kwa uzuri wa sura pekee wanakosea, nami nalisema hilo wazi. Kimelea hicho huwapata watu pia na kuwaletea ugonjwa wa kala-azar katika nchi za Mediterania, na mbwa ndiye hifadhi yake kuu. Hata mwenye damu imara avishwe kola yenye dawa ya kufukuza usubi, maana asiyeugua anaweza kukibeba kimya kimya.