Nyigu Rafiki wa Mahindi
Mkulima, ukipasua bua la mahindi ukakuta funza amekufa, na kando yake vifuko vyeupe kama punje ndogo za mchele, usivichome. Narudia: usivichome. Humo mna watoto wa kotesia, nyigu mweusi, mdogo kama sisimizi. Asili yake ni Asia. Mwaka 1993 watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, walimwachia mashambani pwani ya Kenya. Hamdungi mtu. Humfuata funza hadi ndani ya bua, akamtagia mayai mwilini, na watoto wakamla angali hai. Kifo kibaya, lakini funza naye hakutuonea huruma. Bua hilo liache papo hapo shambani, nyigu watoke. Na dawa usipulize ovyo: humuua nyigu, funza akabaki salama ndani.